Ubao wa Ishirini na Tisa

Ilipofika saa moja kasoro robo asubuhi, Mwalimu Nenita Galagar alisimama mlangoni pa darasa la tatu, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja chini. Watoto walipanda ngazi, wakavua kandambili na kuzipanga kwenye ngazi ya juu, kisha mmoja mmoja akaushika mkono wa mwalimu na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Ndiyo heshima ya kwetu kwa mtu mkubwa. Mikono mingine ilikuwa na baridi ya umande, mingine ilinuka moshi wa mbata. Mwalimu alimtaja kila mtoto kwa jina lake lote, wala hakumkosea hata mmoja, na hiyo ilikuwa wiki yake ya pili tu katika kijiji cha Kanlasog.

Mwalimu aliyemtangulia hakuwa akisimama mlangoni. Yeye alihesabu kandambili akagawanya kwa mbili, akaandika hesabu hiyo kwenye rejista. Siku moja ndala moja ilichukuliwa na mbwa, rejista ikaandikwa watoto thelathini na nusu, na ofisi ya wilaya haikuuliza kitu.

Sakafu ya darasa ilikuwa ya mbao, mbao ndefu za kutoka ukuta wa mlangoni hadi ukuta wa madirisha, thelathini na tano kwa hesabu. Zilikuwa zimefubaa kama ngozi ya nyati wa kulimia. Mwalimu Nenita alimpa kila mtoto ubao wake, kwa kufuata majina yalivyopangwa kwenye rejista, wa kwanza hadi wa thelathini na moja. Mbao mbili zilikuwa chini ya kabati, moja chini ya meza yake, na ule wa mwisho, wa kizingitini, akauchukua yeye.

"Ubao huu ni wako mpaka shule ifungwe," akawaambia. "Utausugua wewe, na mimi nitakutafuta hapo kila siku."

"Mwalimu, wangu una tundu," akasema Crisanto Villaruz, aliyekuwa na neno la kusema juu ya kila kitu.

"Basi wewe una kazi mbili. Kusugua, na kulichunga tundu lisikue."

Kwetu sakafu ya mbao husuguliwa kwa kumbi la nazi. Kumbi hukatwa nusu, nyuzi zikatazama chini, mtoto akaweka mguu mmoja juu yake na mikono kiunoni, akaenda mbele na nyuma huku akihesabu. Kila asubuhi watoto walisukuma madawati pembeni wakasugua kwa dakika kumi, darasa zima likinuka nta na mafuta ya taa. Baada ya hapo Mwalimu Nenita, naye miguu mitupu, alipita kutoka ubao hadi ubao, akasimama juu ya kila mmoja na kuuliza swali lile lile.

"Umeamkaje leo?"

"Nimeamka na njaa, Mwalimu."

"Nimeamka kwa mdogo wangu. Kanikojolea."

"Nimeamka vizuri. Tumekula ng'onda."

Mwalimu alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akahamia ubao wa pili. Hakumpa mtu mawaidha. Lakini aliyesema ana njaa, wakati wa mapumziko alikuta ndizi ya kuchemsha imekaa juu ya ubao wake, na hakuna aliyeizungumzia.

Ubao wa ishirini na tisa ulikuwa wa Jovelyn Tampus, mtoto wa miaka tisa. Jovelyn hakuwa bubu. Nyumbani alisema na kuku, na alisema na bibi yake, Lola Sepa, mpaka bibi akamwomba apumzike. Ila shuleni hakusema. Mama yake, Ermelita, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani Jovelyn akiwa na miaka mitano. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na sasa ilikuwa miaka minne. Jina lake likiitwa, Jovelyn aliinua kidole kimoja.

"Umeamkaje leo, Jovelyn?"

Kidole.

"Haya. Kesho nitauliza tena."

Na kesho yake akauliza tena. Aliuliza mwezi wa sita, akauliza wa saba. Mwezi wa tisa tufani iling'oa paa la jiko la shule, na asubuhi iliyofuata Mwalimu alisimama juu ya ubao wa ishirini na tisa, maji yakimdondokea begani, akauliza.

"Mwalimu, huyo hasemi," Crisanto akamwambia. "Hata yule mwalimu wa kwanza alichoka."

"Mimi sijachoka. Tundu lako linaendeleaje?"

Mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwakumbuka marehemu, watoto walikwenda makaburini na makopo, kama kila mwaka, wakakusanya nta iliyomwagika kutoka kwenye mishumaa. Wakaifinyanga madonge. Mwalimu akaiyeyusha pamoja na mafuta ya taa na rangi nyekundu kidogo, na kwa nta hiyo wakasugua sakafu wiki nzima na siku mbili.

Siku ya pili ya wiki iliyofuata, Jovelyn alisimamisha mguu. Chini ya kumbi lake ulionekana upindo wa gauni la buluu na nyayo mbili ndani ya malapa ya nyumbani. Akalisogeza kumbi. Ilikuwa kama mti unavyoonekana majini, juu chini, chini juu. Mwanamke aliyefunga nywele kwa mpira alikuwa akipiga pasi kanzu nyeupe ya kiume. Alimaliza mkono mmoja wa kanzu, akaugeuza.

"Mwalimu," akasema Crisanto, "kuna mtu kwenye ubao wa Jovelyn."

Mwalimu Nenita akaja akatazama.

"Huyu ni nani, Jovelyn?"

Jovelyn hakuinua kidole. "Mama," akasema.

"Mmefanana masikio," akasema Mwalimu. "Haya, mwenye dawati hapo alisogeze kidogo. Tusimkanyage."

Saa moja ilikuwa imefika, akafungua rejista akaita majina.

Wiki hiyo wengine walikuja. Kwa Wilma alionekana baba yake, fundi wa mitambo melini, mwenye mafuta meusi hadi kwenye viwiko. Ubao huo ulikuwa ukiyumba taratibu, ikabidi dawati la Wilma liwekewe karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Pacha wawili wa mbao za kumi na moja na kumi na mbili waligawana mama mmoja, aliyekuwa akimsukuma mzee katika kiti cha magurudumu, akitoka kwenye ubao wa huyu na kuingia wa huyu. Kwa jumla mbao kumi na moja zilionyesha watu. Nyingine zote zilionyesha boriti za paa tu.

Crisanto alisugua mpaka kisigino kikafanya lengelenge. Hakutokea mtu. Baba yake alikuwepo Kanlasog, nyumba ya tatu kutoka kisimani, akilewa tembo la mnazi tangu jua linapochomoza.

"Wangu yupo, ndiyo maana haonekani," akamweleza Mwalimu. "Labda tumpeleke mbali kidogo."

"Umeamkaje leo, Crisanto?"

"Kabla yake, Mwalimu."

Lola Sepa alipopata habari, alimaliza kwanza kugeuza mbata juani, akanawa miguu, akapanda kilima. Alivua kandambili, akakaa sakafuni na kumtazama binti yake kwa muda wa somo zima.

"Ermi, umekonda," akauambia ubao. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, wanasema ni ile nta ya makaburini."

"Inawezekana, Lola."

"Mbona basi wanaonekana walio hai?" Akafikiri kidogo, akajijibu mwenyewe. "Wafu wetu tunajua waliko. Tunawapelekea wali kila mwaka. Hawa ndio hatujui."

Mwezi wa kumi na mbili darasa la tatu hufundishwa kutoa saa. Mwalimu Nenita alichora saa kubwa ukutani akasema kule alikokwenda mama yake Jovelyn wapo nyuma yetu kwa saa tano. Sisi tukiwa saa moja asubuhi, kule ni saa ngapi? Watoto wakahesabu kwa vidole, kurudi nyuma. Mkono ulioinuka kwanza ulikuwa wa Jovelyn. Alikwenda mbele, akachora mshale mfupi wa saa nane, akaandika pembeni: usiku.

Watoto wakaitazama saa, kisha wakautazama ubao. Mama alikuwa akipiga pasi. Pembeni yake palikuwa na tenga la nguo lililojaa mpaka mdomoni.

"Mwalimu," akasema Jovelyn, na hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu aanze shule, "mama yangu analala saa ngapi?"

Mwalimu Nenita akauinamia ubao.

"Sijui, Jovelyn. Tutamwangalia."

Walitengeneza chati. Ukutani palikuwa na chati ya nyota tayari, ya mahudhurio na ya kucha safi, kwa hiyo mama yake Jovelyn aliongezwa chini, kwenye mstari wake, na safu mbili: amekaa, amelala. Kila mtoto alipewa zamu ya kutazama. Saa moja asubuhi alikuwa akipiga pasi. Saa mbili akipanga viatu vya watu sita. Saa nne na nusu alikuwa akikanda unga. Saa sita mchana alikuwa akiwavalisha watoto wawili sare za shule, akawafunga kamba za viatu. Jovelyn aliwatazama watoto hao vizuri, hasa yule wa kike, halafu akaenda kula wali wake. Saa kumi jioni, madarasa yakifungwa, alikuwa akipiga deki sakafu ya marumaru, amepiga magoti.

Saa tatu kasoro robo asubuhi ndipo alipolala. Wa zamu alikuwa Wilma.

"Mwalimu, amelala chini. Jikoni, nyuma ya mlango. Hajavua hata malapa."

Darasa lilikuwa katikati ya kuimba jedwali la sita. Wakanyamaza. Mama alilala kwa ubavu, mkono chini ya shavu, na saa nne kamili mlango ulimgonga mgongoni akaamka.

Nyota ya kwanza ikabandikwa. Ndipo Crisanto, aliyependa haki, akasema labda analala pia wakati shule imefungwa, nao hawajui. Ilikuwa hoja. Lola Sepa alikuja na mkeka wake siku ya Jumamosi, akakaa na ubao hadi Jumapili saa ya misa. Aliporudi alisema hapana. Ni hiyo saa moja na robo tu. Siku nyingine chini ya hapo.

Jumatatu Mwalimu Nenita alibadili ratiba. Jedwali na nyimbo zikapelekwa baada ya mapumziko. Kutoka saa tatu kasoro robo hadi saa nne, kila siku, darasa la tatu likasoma kimya. Aliyetaka kwenda chooni alikwenda kwa ncha za vidole. Aliyeangusha penseli hakuiokota. Mwalimu Mkuu alipita dirishani akakuta watoto thelathini na moja hawasikiki, akafikiri wanaadhibiwa, akaingia kuuliza kosa lao.

"Mama ya Jovelyn amelala," akanong'ona pacha mmoja.

Mwalimu Mkuu akautazama ubao, akatoka kinyumenyume, akawaamuru darasa la tano waache kupiga ngoma.

Tangu ratiba hiyo, Jovelyn alianza kusema. Hakusema sana. Akiulizwa ameamkaje, alijibu kama wengine. "Nimeamka na mafua." "Nimeamka, kuku ametaga." Siku moja alimuuliza Mwalimu yeye ameamkaje, na miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nimeamka na goti," akasema. "Linauma kukiwa na mvua."

Kesho yake kumbi la Mwalimu lilikutwa kizingitini limeshatumika. Ubao wake ulikuwa umesuguliwa na mtu.

Mapumziko ya mwaka mpya yalipokwisha, Lola Sepa alipanda boti kwenda mjini, kwenye ofisi ya wakala aliyempeleka Ermelita. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alitafuta faili, akalipata. Mkataba umeongezwa, akasema, na mwajiri ndiye anayetunza paspoti, ni kawaida. Na hapa imeandikwa, mapumziko saa nane kwa siku.

"Halali saa nane," akasema Lola Sepa. "Analala saa moja na robo."

"Bibi unajuaje?"

"Tunamwona kwenye sakafu."

Karani aliandika neno sakafu kwenye karatasi, akalipigia mstari. "Bibi, mkataba una saini mbili. Hiyo sakafu haina saini."

Lola Sepa akamshukuru, akarudi na boti ya jioni.

Ndipo likaja tangazo la mashindano ya usafi wa madarasa, wilaya nzima, shule arobaini na mbili. Katika mkutano wa wazazi mtu mmoja alisema, na wote wakaona ni kweli, kwamba waamuzi watatoka ofisi ya wilaya. Watavua viatu. Watakanyaga sakafu hiyo kwa miguu yao. Mtu anaweza kukataa barua, anaweza kukataa bibi kizee, lakini atakataaje kitu alichosimama juu yake? Kanlasog tuling'arishe darasa la tatu mpaka waamuzi wawaone watu wetu kama wanavyoonana wao kwa wao.

Basi kijiji kikasugua. Wanaume walileta makumbi mapya, wanawake wakaleta vipande vya mishumaa waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya tufani. Baba yake Crisanto alileta kumbi moja, akasugua upana wa mkono mmoja, akalala ngazini. Watoto walimpitia kando, na kila mmoja akaweka kandambili zake mbali kidogo na kichwa chake.

Waamuzi walifika watatu. Walipikiwa kuku wa kienyeji kwa tangawizi na mapapai mabichi, wali ukafungwa kwenye makuti. Mkubwa wao, Bwana Montehermoso, alivua viatu akaingia na soksi za kijivu, ubao wa kuandikia mkononi. Alitazama kabati. Alitazama madirisha. Alitazama kucha za watoto. Kisha akatazama chini.

"Huyu ni nani?"

"Mama yangu, bwana," akasema Jovelyn. Alikuwa amefanya mazoezi siku tatu. "Kule sasa ni saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo kwanza ameamka, na alilala kwa saa moja tu. Paspoti yake amechukua mwenye nyumba. Tunaomba arudishwe."

"Umesema vizuri sana," akasema Bwana Montehermoso. Akainama. "Unaona hata mishono ya gauni. Mnatumia nta gani?"

"Ya makaburini," akasema Mwalimu Nenita. "Bwana, mtoto amekuomba jambo."

"Nimemsikia, Mwalimu." Akafunua fomu, akamwonyesha kwa kalamu. "Hapa kuna usafi, hapa kuna mpangilio, hapa kuna mng'ao. Unaona mwenyewe. Mtu hana mstari."

Mwamuzi wa pili alikuwa mwanamke mtu mzima. Alikuwa amesimama juu ya ubao wa Wilma, ameshika dawati kwa sababu ya kuyumba, na anatazama ubao wa pacha. Alitoa leso. Alisema ana dada yake, halafu hakusema dada yake ana nini. Akaandika alama zake na kuzipigia mstari mara mbili.

Mng'ao ulipata thelathini kwa thelathini. Kwenye nafasi ya maoni Bwana Montehermoso aliandika: picha za sakafuni ni nzuri, shule nyingine ziige.

Kanlasog ikawa ya kwanza. Cheti kililetwa ndani ya fremu, na pamoja nacho zawadi ya mshindi: vigae vyeupe vya kutosha sakafu ya darasa zima, na bango la plastiki lenye uso wa mfadhili wa mashindano akitabasamu, la kutundika juu ya mlango. Mafundi wangekuja baada ya siku nne. Mwalimu Mkuu alisema hawezi kukataa, maana ameshapigwa picha akipokea.

Siku ya mwisho ya mbao, saa kumi jioni, watoto walivaa kandambili wakaondoka. Jovelyn alibaki. Mwalimu Nenita alikuwa mezani akisahihisha madaftari, naye hakumwambia aende wala abaki.

Kule ilikuwa saa tano asubuhi, saa ya deki. Mama alipiga magoti akaanza pembeni, akaja taratibu na kitambaa, mkono wa kushoto umekaa bapa juu ya marumaru kumbeba uzito. Marumaru ile nayo ilikuwa imesuguliwa, miaka minne, kila siku. Jovelyn akalala kifudifudi. Mkono ulipofika alipo, akaliweka paji la uso wake juu yake.

Kitambaa kikasimama.

Mama alikaa vile vile, ameinamisha kichwa. Hakuuondoa mkono. Midomo yake ilisema jambo, na ubao haukuwa na sauti, lakini halikuwa neno refu. Kisha akageuza shingo kama mtu aliyeitwa, akaitikia, akakikunja kitambaa upya kwa upande ulio mkavu na kuendelea kusugua. Alipita. Jovelyn akabaki amelala mpaka ubao ukaonyesha miguu ya meza tu.

"Mwalimu," akasema bila kuinuka, "vigae vinasuguliwa kwa kumbi?"

Mwalimu Nenita alifunika kalamu yake. "Vigae hufutwa kwa kitambaa, Jovelyn. Vinang'aa vyenyewe. Havimhitaji mtu."

Asubuhi mafundi walisema mbao zitakwenda jikoni kuwa kuni. Mwalimu Nenita akasema hapana, hizo mbao zina wenyewe, akachukua chaki akaandika namba kwenye kila mmoja, na kila mtoto akaitwa kwa jina lake lote, aje auchukue wake. Ubao mmoja ulikuwa mrefu kuliko nyumba nyingine za kijijini. Fundi alitaka kuzikata nusu kwa nusu ili zibebeke, akauliza akate wapi, na watoto wakamwambia asubiri kwanza, watu wamo. Akaweka msumeno chini. Zikabebwa nzima, watoto sita kwa ubao, kama siafu na panzi, kushuka kilimani. Ubao wa ishirini na tisa ulitanguliwa na Crisanto.

"Pisheni," alikuwa akisema kwenye kila kona. "Mama anapita. Ana pasi ya moto."

Ubao wa Wilma uliwekwa chini ya kitanda, na nyumba yao tangu hapo inayumba kidogo, wamezoea. Ubao wa Crisanto, uliokuwa na tundu na boriti tu, aliulaza juu ya mawe mawili mbele ya mlango, ukawa benchi. Baba yake ameupenda. Analala hapo.

Ubao wa Jovelyn uko sakafuni kwa Lola Sepa, kutoka jikoni hadi mlangoni, na ncha yake inatokeza nje, kuku wanapanda. Jovelyn anausugua kila asubuhi kabla ya shule. Hauwezi kusuguliwa nusu, na sasa hana watu thelathini wa kuhesabu naye, kwa hiyo anachelewa. Ikifika saa tatu kasoro robo Lola Sepa anaacha kupasua kuni. Majirani nao wanajua. Saa hiyo Kanlasog upande wa chini hakuna anayeita mtu kwa sauti mpaka saa nne.

Darasani kule juu vigae vinaonyesha dari, na taa, na wakati mwingine uso wa mfadhili, mlango ukiwa umefunguliwa sana. Watoto wa darasa la tatu bado wanasoma kimya kuanzia saa tatu kasoro robo. Mkaguzi mmoja aliuliza sababu, akaambiwa ni ratiba.

Mwalimu Nenita bado anasimama mlangoni, mkono mbele. Anaingia nao, anapita kwenye vigae na kusimama mahali kila ubao ulipokuwa, maana anapakumbuka, na anauliza. Goti lake sasa linaulizwa na watoto wanne watano kila kukiwa na mvua. Ila majina anayaita polepole kuliko zamani. Kati ya jina na jina anatafuta kalamu, anafuta miwani, anafunga dirisha. Anaanza saa moja kamili na inapofika herufi ya Jovelyn huwa saa moja na dakika ishirini, na huo ndio wakati kandambili za mwisho zinapowekwa ngazini.

Rejista ina safu ndogo ya maoni. Kila mwisho wa mwezi inakwenda ofisi ya wilaya, inarudi na mhuri wa buluu: imeonwa.

"Tampus, Jovelyn."

Jovelyn anaugusisha mkono wa Mwalimu kwenye paji la uso. Miguu yake ina nta nyekundu.

"Nipo, Mwalimu. Mama hajalala."

Mwalimu Nenita anaandika: yupo. Kwenye safu ya maoni anaandika: hajalala.

"Villaruz, Crisanto."

"Nipo, Mwalimu. Wangu hajaamka."

Hilo nalo analiandika, anageuza rejista kidogo ili mwanga wa dirishani uipate, na kuita jina linalofuata.